Pikapu Kuukuu Zipimwe kwa Hali Zake

Ni jambo lisilofichika kwa yeyote aishiye Unguja au Pemba kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya mashamba haichukuliwi na magari mapya. Karafuu za Mtambile na Kengeja, mwani wa Paje na Jambiani, dagaa wa Mkokotoni, mihogo na ndizi zinazoshushwa Mwanakwerekwe kabla jua halijapanda, saruji ya anayejenga, viti vya harusini, na mgonjwa wa usiku wa manane, vyote hivyo hupanda juu ya pikapu ambazo nyingi zilitoka kiwandani kabla baadhi ya madereva wake hawajazaliwa. Mtu anayezitazama kutoka dirisha la ofisi huona rangi iliyochujuka, bodi la mbao na mlango uliofungwa kwa kamba. Mwenye gari huona ada ya skuli ya wanawe, deni la duka la spea, na mkono wa fundi aliyelifufua gari hilo mara tatu.

Kila baada ya muda, na hasa inapotokea ajali, husikika rai kwamba dawa ni moja tu: magari yaliyopindukia umri fulani yaondolewe barabarani. Wenye rai hiyo wengi wao wana nia njema, na sisi hatuidharau. Aliyezika jamaa yake kwa sababu ya breki zilizokatika hawezi kuambiwa asubiri. Walakini twaona kwamba rai hiyo inalenga pasipo na shabaha. Umri wa gari ni tarakimu iliyoandikwa katika kadi, na breki haisomi kadi. Pikapu ya miaka 30 iliyotunzwa na mtu mwenye akili yake yaweza kusimama penye mita chache, na ya miaka 9 iliyobebeshwa mara mbili ya uwezo wake ikaingia dukani kwa mtu. Tunachokitaka sisi ni ukaguzi wa kweli, unaotazama chuma, kiungo na mzigo, na unaowashika wenye magari pale hasa wanapokosea. Na wanakosea, tutalisema hilo bila ya kuwaonea haya.

Wananchi wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana wanalijua kutokana na bahari. Hakuna nahodha anayeuliza jahazi lina miaka mingapi kabla ya kupakia. Huuliza limekalafatiwa lini, limepakwa sifa lini, mbao za chini zimeguswa na chokochoko au la, na mlingoti umesimama vipi. Jahazi la miaka mingi lililopandishwa pwani kila lilipohitaji, likatolewa ubao uliooza na kutiwa mpya, huaminiwa kuliko jipya lililoundwa kwa pupa. Chombo cha nchi kavu kina haki ya kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Yafaa pia tukumbuke magari haya yalikujaje. Wazee wetu waliyazoea malori ya Kiingereza, Bedford na mengineyo, yaliyofika yakiwa na chasi na kichwa tu, na seremala akayajengea bodi la mbao. Ndiyo asili ya gari za mbao. Kisha zikaja Datsun, Peugeot 404 na 504, na Toyota Hilux, ambayo ilianza kuundwa Japani mwaka 1968. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, bei ya mafuta ilipopanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba, na fedha za kigeni zikawa adimu, kupata beringi moja tu ya gurudumu kulikuwa safari ya miezi. Hapo ndipo fundi wa visiwani alipolazimika kuwa zaidi ya mtu wa kufungua na kufunga. Alichonga bushi kwa mpira wa tairi bovu, alikata gasketi kwa karatasi ngumu, alifua jani la springi la lori kuwa la pikapu. Mwaka 1984 masharti ya biashara yalipolegezwa, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, pikapu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa mwanzo, kwani iliweza kujilipia yenyewe.

Haikuwa huku kwetu peke yake. Nchini Kenya, pikapu zilizotiwa mabenchi nyuma ndizo zilizokuwa matatu za mwanzo, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila ya leseni maalumu. Dar es Salaam ilikuwa na magari yake madogo ya namna hiyo, ambayo abiria walikaa wakitazamana kama watu walioko mkahawani, watu wakayaita Chai Maharage. Huko yamekwisha kuwa hadithi. Huku kwetu mabasi nayo yanachukua nafasi katika njia kuu, na hilo ni jema, hatulipingi hata kidogo. Lakini basi halitaingia katika njia ya mikarafuu kuchukua gunia, wala halitateremka hadi mchangani kupakia mwani mbichi. Kazi hiyo itabaki ya pikapu kwa miaka mingi ijayo, na mkulima mdogo hana uwezo wa kununua mpya.

Adui wa kwanza wa gari kisiwani ni chumvi. Twalisema hili kwa urefu kidogo kwa sababu wengi hudhani kutu ni uzee, ilhali kutu ni maradhi yenye sababu na yenye kinga. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya chuma, na maji ya chumvi huiharakisha kazi ya kutu kuliko maji matamu. Pikapu inayopakia mwani uliorowa, au samaki waliowekwa katika barafu na maji ya bahari, huvuja maji hayo kupitia nyufa za bodi hadi juu ya chasi. Sasa chasi ya pikapu ni kama ngazi iliyolazwa: boriti mbili ndefu za chuma na vipande vinavyokingamia katikati. Katika magari mengi boriti hizo ni kama masanduku, matupu ndani. Kiwanda kiliziachia vitundu chini ili maji yatoke. Tope la njia za shamba likiziba vitundu hivyo, maji ya chumvi hubaki ndani, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Mwenye gari akitazama huona rangi nzima. Siku moja akipakia mawe, gari hukunjika mgongo kama kitabu.

Kinga yake haina gharama kubwa. Ni maji matamu ya kuoshea chini ya gari kila baada ya kazi ya pwani, si kuosha kioo na milango tu kwa ajili ya macho ya watu. Ni waya wa kuzibulia vitundu. Ni grisi au mafuta safi kunyunyizwa ndani ya boriti kabla ya masika na kabla ya vuli. Tunawajua wenye magari ambao hufanya hivi bila ya kuambiwa, na magari yao yapo. Wapo wengine ambao hupiga chasi rangi nyeusi inayong'aa juu ya kutu siku mbili kabla ya ukaguzi. Rangi hiyo haimdanganyi mkaguzi mwenye nyundo ndogo mkononi; humdanganya mkaguzi asiyeinama.

Hapa hatuna budi kutaja desturi moja iliyoenea, nayo ni ya kupaka chasi oili chafu iliyotolewa katika injini. Ni kweli kwamba hupunguza kutu. Ni kweli vilevile kwamba huilegeza mipira ya springi na ya mabomba ya breki ikiigusa, na kwamba nyingine hudondoka ardhini. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na katika sehemu nyingi maji tunayokunywa hutoka katika visima na mapango ya mawe hayo hayo. Kinachomwagwa juu hakikawii kufika chini. Gereji nyingi humwaga oili nyuma ya ua kwa sababu hazina pa kuipeleka. Halmashauri na manispaa zikiweka mapipa ya kukusanyia, na mtu wa kuyachukua kwa siku zinazojulikana, ndipo zitakapokuwa na uso wa kumtoza faini anayemwaga.

Tuje sasa kwa mafundi. Kijana huingia gereji akishika tochi na kuosha vyuma kwa dizeli. Baada ya mwaka huachiwa magurudumu, baadaye klachi, na akijaaliwa ndipo hufunguliwa injini. Hana cheti, na akenda kuomba kazi katika ofisi haulizwi anajua nini, huulizwa amesoma wapi. Mtu huyo huyo akisikiliza injini ikinguruma atakwambia kama ni nozeli au ni valvu. Humwambii juu ya moshi: mweusi ni dizeli isiyoungua yote, aghalabu kwa nozeli mbovu au kichujio cha hewa kilichoziba vumbi, wa buluu ni oili inayopita ringi za pistoni, mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yaliyoingia pasipo pake. Elimu hii ni mali ya nchi, na inakwenda kaburini pamoja na wenyewe.

Lakini elimu hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoua watu. Mfano ulio wazi ni kiraka cha chasi. Fundi mchomeaji huona ufa, akakata bamba la mraba, akalichomea pande zote nne. Kazi huonekana nadhifu. Baada ya miezi ufa mpya hutokea pembeni mwa kiraka, kwa kuwa chuma kilichopata moto kimebadilika tabia, na mstari ulionyooka wa kuchomea umekuwa kama pindo la karatasi, penye kuchanika. Kiraka chapaswa kukatwa chenye ncha za kuchongoka, kikae ubavuni mwa boriti, na bapa la juu na la chini lisichomewe pasipo lazima. Hili si siri ya kiwanda. Lingefundishwa kwa siku moja katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, au na walimu wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, kama mafundi wazima wenye jamaa wangekaribishwa jioni bila ya kuulizwa cheti cha kidato.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na tunaomba wenye magari wausome polepole.

Pikapu nyingi ziliundwa kubeba takriban tani 1. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani hiyo nzima, na nani kati yetu hajaona 40? Ili gari lisikalie magurudumu, mwenye gari huenda kwa fundi akaongezewa majani ya springi, matatu au manne. Gari husimama juu, hubeba, na halionyeshi kuchoka. Kila mtu hufurahi. Kumbe chini yake kuna kitu kidogo ambacho hakikuambiwa. Pikapu nyingi za Kijapani tangu miaka ya 1980 zina valvu moja ya breki karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa kwa kijiti cha chuma. Mzigo ukipakiwa na bodi likashuka, kijiti husukumwa, na valvu huyapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi ya breki. Gari likiwa tupu, valvu hupunguza nguvu hiyo ili nyuma isiteleze. Sasa tazama lililotokea: springi zimeongezwa, bodi halishuki tena, na valvu inaamini kwamba gari ni tupu. Gari lina tani 2 mgongoni, na breki za nyuma zinafanya kazi kama halina kitu. Magurudumu ya mbele peke yake hubeba kazi yote, yakapata moto, na katika mteremko wa Pemba dereva akikanyaga hukuta pedali laini. Halafu watu husema gari lilikuwa kuukuu.

Wako mafundi walioijua valvu hiyo, na walichofanya ni kuiondoa kabisa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Hili nalo ni baya, maana gari likiwa tupu katika barabara iliyorowa, nyuma hufunga kwanza na gari huzunguka. Dawa ni kukirekebisha kijiti kiendane na urefu mpya wa springi, kazi ya spana mbili na nusu saa kwa anayejua. Na dawa kubwa zaidi ni kutobeba tani 2. Tukumbushe kwamba gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara 4 kuliko likienda 40, na nguvu yote hiyo haina pa kwenda isipokuwa katika ngoma na pedi za breki. Springi inaweza kuongezwa gereji kwa asubuhi moja. Breki haiongezwi hivyo.

Bodi la mbao lina hesabu yake pia. Likiwa fupi na jepesi halina neno. Lakini ushindani umefanya mabodi yarefushwe nyuma kupita ekseli, yainuliwe paa, na juu ya paa kuwekwe keria ya magunia. Uzito ukikaa juu, gari hulalia upande katika kona. Ukikaa nyuma ya ekseli, usukani huwa mwepesi, na dereva asiye mzoefu huufurahia wepesi huo asijue kwamba magurudumu ya mbele yanakaribia kuachana na lami. Maseremala wetu hujenga kama walivyoelezwa na mwenye gari. Hawajawahi kupewa kipimo na Serikali: bodi lipite ekseli kwa kiasi gani, paa liwe na kimo gani, benchi lifungwe kwa boliti ngapi. Kipimo hicho kingeandikwa katika ukurasa mmoja na kubandikwa katika kila karakana. Kumshitaki seremala kwa kuvunja kanuni ambayo hakuna aliyemsomea si haki.

Kuna mabadiliko ambayo hayana ubaya hata kidogo, na haya yasifiwe. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 2L, ya sentimita za ujazo 2,446, ina udhaifu unaojulikana: ikipata joto la kupita kiasi, silinda hedi yake hupasuka. Mafundi wengi huiondoa na kutia ndugu yake, 3L ya 2,779, ambayo hukaa pale pale karibu bila ya kukata chuma. Gari hupata nguvu, na hutumika miaka mingine mingi. Tatizo huanza katika karatasi. Namba ya injini iliyo katika kadi si ile iliyo katika gari. Ikiwa njia ya kuisahihisha ni ndefu, yenye dirisha hili na lile na njoo kesho, mwenye gari atanyamaza, na kila akisimamishwa njiani atakuwa mtu wa kuombwa. Hapo tumemfanya mkosa mtu aliyefanya jambo la busara. Twawaomba wanaohusika walifanye badiliko la injini kuwa jambo la siku moja: fundi aliyeifunga aandike jina lake, mkaguzi aione, namba ibadilishwe, mwenye gari aende zake. Kwa upande wa pili, kuhamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia katika gereji ya uchochoroni, kwa viungo vilivyochomewa, kupigwe marufuku bila ya majadiliano. Kiungo cha usukani kilichochomewa hakina mahali barabarani, awe nacho masikini au tajiri.

Upande wa vipuri hatutakaa sana. Spea zetu huja kwa boti kutoka Dar es Salaam, na nyingine kutoka Dubai na Sharjah. Zipo nzuri, na zipo ambazo pakti yake ndiyo nzuri. Pedi ya breki ya bandia huliwa kama biskuti. Muuzaji anayejua anachouza na akanyamaza ana sehemu yake katika kila ajali, na wanaosimamia ubora wa bidhaa wangeingia madukani wakachukua sampuli za pedi na viatu vya breki kabla ya kitu kingine chochote. Vioo na taa vingoje.

Tunajua jibu ambalo baadhi ya maafisa watatoa. Watasema dunia imekataa magari machakavu, na kwamba Afrika imefanywa jaa. Wana hoja. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa ililetwa katika bara hili. Na magari mengi yaliyotazamwa yakitoka katika bandari za Uholanzi hayakuwa na cheti halali cha kufaa barabarani. Jirani zetu wa Kenya wameweka mpaka wa miaka 8 kwa gari lililotumika linaloingizwa nchini. Sisi hatuna ugomvi na mpaka wa bandarini. Kinachoingia leo ndicho tutakachokirithi kesho, na ni haki ya nchi kuchagua. Lakini kumzuia mgeni mlangoni ni jambo moja, na kumtoa nje mwenyeji aliyekaa miaka 25, analipa kodi na analisha nyumba, ni jambo jingine.

Tena tutazame Wajapani wenyewe, ambao ndio waliounda nyingi ya pikapu hizi. Kwao gari dogo la binafsi hukaguliwa miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, na baada ya hapo kila miaka 2; magari ya mizigo hukaguliwa mara nyingi zaidi. Gari likifika umri wa miaka 13, au 11 likiwa la dizeli, kodi yake ya mwaka hupandishwa. Halipigwi marufuku. Mwenyewe akitaka kulitunza na kulilipia, na likafaulu ukaguzi, huendelea nalo. Magari tunayoyaita mazuri kutoka Japani ni mazuri kwa sababu yalipita chini ya macho ya mkaguzi, wala si kwa sababu ya upya wake.

Na ikiwa yataondolewa yote kwa amri, yataenda wapi? Kisiwa hakina bonde la kutupia. Yatasimama uani yakiota majani, yakivuja oili katika mawe tuliyokwisha kuyataja, na nusu yake yatarudi barabarani usiku bila ya taa. Tena tusisahau kwamba baadhi yake yalinunuliwa katika minada ya Serikali. Afisa anayelilaani gari fulani kwa moshi wake huenda aliwahi kulipanda likiwa na dereva wa ofisi, na huenda lilianza kutoa moshi huo wakati huo huo, kwa kukosa huduma. Mwananchi alilinunua bovu akalitengeneza.

Tunayoyaomba basi hayapiti uwezo wa nchi ndogo. Ukaguzi uwe wa kuingia chini ya gari, kwenye shimo, kwa tochi na nyundo, na breki zipimwe kwa mashine, gari likiwa na mzigo unaolingana na uwezo wake, wala isiwe kuzunguka gari mara moja na kugonga muhuri. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili fahamivu, ieleze kiungo kibovu kwa jina linalotumika gereji, na mwenye gari apewe muda wa kukitengeneza. Kilicho hatari kwa maisha, yaani breki, usukani, chasi na matairi, kisimamishe gari hapo hapo, bila ya simu kutoka kwa mtu yeyote. Kilicho kibaya kwa macho tu, kama rangi na mlango wa kamba, kipewe miezi. Fundi mkuu anayejulikana katika wilaya yake apimwe kwa vitendo, na akifaulu apewe namba yake, ili kazi anayoitia sahihi iwe na mtu wa kuulizwa.

Kwa wenye magari, ombi letu ni jepesi kulitaja na zito kulitekeleza: msiongeze springi bila ya kutazama breki, na msipakie kilichozidi kwa sababu tu springi imekubali. Mkiendelea hivyo, hoja zote tulizowatetea nazo hapa zitakuwa zimevunjwa na ninyi wenyewe, na wenye rai ya kufuta magari kwa umri watashinda wakiwa na haki.

Hatungoji sheria mpya ndipo kazi ianze. Kisiwani Pemba, pikapu hufanya kazi zaidi wakati wa msimu wa karafuu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na miteremko ni mingi. Kabla ya msimu ujao kufunguliwa, wakaguzi wangekaa siku chache Mkoani, siku chache Chake Chake na siku chache Wete, pamoja na fundi mmoja anayeaminiwa wa kila mji, watazame magari bila ya kutoza faini kwa mara hiyo ya kwanza. Waanze na ekseli ya nyuma: wayahesabu majani ya springi, wakitafute kile kijiti cha valvu, waone kama bado kipo na kama kinasogea.